Utu, Kitu na Miiko ya Uongozi

Wahenga walisema kuwa mkono mtupu haulambwi. Usemi huo una ukweli wake, lakini una hatari pia. Mtu akiuamini kupita kiasi hujiona hana thamani mpaka ashike kitu, na akikosa njia ya halali ya kukipata huifuata ya haramu. Historia ya Tanzania ina somo juu ya jambo hili.

Ukoloni ulimpima mtu kwa rangi, kisha ukakipa kipimo hicho sura ya vitu. Katika Dar es Salaam, Mzungu alikaa Oysterbay penye upepo wa bahari. Mwafrika alikaa Kariakoo. Mishahara nayo ilitofautiana vivyo hivyo. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, bendera ilibadilika kwa usiku mmoja, bali kipimo kile kilibaki. Baadhi ya waliorithi vyeo walirithi pia imani kwamba heshima ya mtu imo katika nyumba yake na gari lake. Wananchi hawakukawia kuwapa jina kutokana na magari ya Mercedes-Benz: Wabenzi.

Mwaka 1966 Rais Julius Nyerere alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na ndani yake Miiko ya Uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha.

Msomaji na aitazame vema orodha hiyo. Wizi na rushwa havimo, kwani hivyo sheria ilikuwa imekwisha kuvikataza. Yote yaliyotajwa yalikuwa halali kwa raia wa kawaida. Basi Miiko ilitambua kwamba udanganyifu hauanzi siku mkono unapogusa fedha ya umma. Huanza siku moyo unapokiri kuwa bila mali mimi si mtu.

Hata hivyo, mwiko huzuia mkono; hauponyi moyo. Wako waliotii kwa dhati, na wako walioandikisha nyumba kwa majina ya jamaa zao. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilibidi vita itangazwe dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1991 Chama cha Mapinduzi kililegeza Miiko huko Zanzibar, na mwaka 1995 ikatungwa sheria ya kuwataka viongozi watamke mali zao. Swali likageuka: zamani kiongozi aliulizwa kwa nini anazo, sasa huulizwa kama amezitaja.

Nalo jambo hili si la viongozi peke yao. Mwanafunzi anayenakili majibu ya mwenzake hasukumwi na njaa. Ameamini kwamba alama ndiyo nafsi yake. Mwalimu anayemheshimu mtoto huyo hata anaposhindwa kwa haki amefanya kazi ambayo hakuna sheria iwezayo kuifanya.