Kutoka Ole hadi Maskati: Lugha Mbili za Ukoo Mmoja

Historia ya Ole, kijiji kilichopo katikati ya kisiwa cha Pemba, haitenganishiki na historia ya karafuu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoongoza kwa uzalishaji. Waarabu wa Omani waliolowea katika mashamba ya kisiwa hicho walioa wenyeji, na watoto wao wakalelewa kwa Kipemba. Kiarabu kikabaki lugha ya msahafu na sala. Katika mazungumzo ya nyumbani kikafifia.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya wengi wao. Sultani Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970, aliwaita Waomani waliokuwa ugenini warejee. Waliotoka Afrika Mashariki waliitwa Wazanzibari, na wengi walilazimika kujifunza upya lugha ya babu zao. Kiswahili walichokwenda nacho hakikuwa na nafasi shuleni, kilitegemea mabibi. Wajukuu waliosomeshwa kwa Kiarabu mara nyingi hukielewa wakisikiapo, lakini hujibu kwa Kiarabu. Hata neno kama makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hukosa mahali pa kutumika pasipo na mikarafuu.

Hivyo basi, ukoo mmoja umeweza kupoteza lugha mbili, moja kila upande wa bahari. Lugha hairithiwi kwa damu, bali kwa malezi na kazi. Mtafiti anayetaka kukihifadhi Kipemba cha Maskati hana budi kuanza na mabibi hao, wangali hai.