Mchakamchaka Juu ya Udongo Wenye Historia

Kuruta aingiaye jeshini au polisi hufundishwa mchakamchaka kabla ya kukabidhiwa bunduki. Hujifunza kupanga hatua, kutunza pumzi na kuitikia wimbo pamoja na wenziwe. Zoezi hilo ni jema, na faida zake kwa mwili zinafahamika. Lakini iko faida nyingine ambayo mara nyingi huachwa njiani, nayo ni maarifa ya udongo unaokanyagwa. Katika Bujumbura na viunga vyake askari hukimbia juu ya viwanja vya vita pasipo kujua. Na mlinzi asiyejua yaliyotokea mahali alipo hulinda mahali hapo kwa nusu ya nguvu zake.

Kukutana kwa mbio na vita si jambo geni duniani. Mbio za maratoni zimepata jina lake kutokana na uwanda wa Marathon, katika nchi ya Ugiriki, ambako Waathene waliwashinda Waajemi mwaka 490 kabla ya Kristo. Masimulizi ya mjumbe aliyekimbia hadi Athens kutangaza ushindi huenda yalitiwa chumvi na waandishi wa baadaye. Hata hivyo yalitosha kuwafanya waandalizi wa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896 waiweke mbio hiyo katika mashindano yao, na tangu hapo mataifa mengi hukimbia kwa ukumbusho wa vita vya Wagiriki. Bujumbura haina haja ya kuazima kumbukumbu za wengine, kwa maana inazo zake.

Tuseme kwanza umbo la nchi lilivyo. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Kando yake umelala uwanda wa Imbo, wenye joto na michikichi, na juu ya uwanda huo imesimama milima ya Mumirwa kama ukuta. Barabara itokayo mjini kwenda Bugarama hupanda hadi mita zipatazo 2,200 katika mwendo wa kilomita 35 hivi. Mkimbiaji apandaye njia hiyo huanza na jasho na humaliza katika baridi na ukungu. Hewa ya juu ni nyepesi, na mwili uliozoea kuishi huko hulazimika kuongeza chembe nyekundu za damu ili upate oksijeni ya kutosha. Hiyo ni sababu mojawapo ya nchi za milima za Afrika Mashariki kutoa wakimbiaji mahodari. Mwaka 1996, huko Atlanta, Vénuste Niyongabo aliipatia Burundi nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, nayo ikawa ya dhahabu, katika mbio za mita 5,000. Nafasi yake katika mita 1,500, mbio aliyoizoea, alikuwa amemwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, ambaye kwa miaka mingi alikosa kushiriki Olimpiki kwa sababu nchi haikuwa na kamati yake.

Ukuta huo wa milima ndio ulioandika sehemu kubwa ya historia ya vita vya Burundi. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alikuwa na nguvu kubwa Ujiji. Watu wake walikuwa na bunduki, nao walitafuta pembe za ndovu na watumwa kandokando ya ziwa. Walipotaka kujipenyeza Burundi kwa kupitia Uzige, yaani uwanda ambao leo umejengwa Bujumbura, walikutana na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo, yenye mikuki, pinde na mishale. Rumaliza hakuweza kuipenya milima. Nguvu zake zilivunjwa baadaye, upande wa pili wa ziwa, na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Burundi ikabaki nchi ambayo biashara ya utumwa ilipiga hodi mlangoni pake lakini haikukaa sebuleni.

Haifai kusema kwamba ushindi huo uliletwa na milima peke yake. Mlima haupigani. Walioshinda ni watu walioijua kila njia ya miguu, kila kijito na kila bonde, na ambao siku ile walimsikiliza kiongozi mmoja. Miaka isiyozidi 20 baadaye milima ilikuwa ile ile na Mwami alikuwa yule yule, lakini mambo yakaenda kinyume.

Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mwezi Gisabo hakukubali kuwatii. Kwa miaka kadhaa aliwakwepa, akihama kutoka boma hadi boma, na askari wenye silaha za kisasa walipanda na kushuka milima bila ya kumtia mkononi. Kilichobadilisha hali hakikuwa bunduki mpya, bali wakubwa wawili wa Burundi yenyewe: Kilima, aliyekuwa akishindana na Mwami huko kaskazini, na Maconco, mkwewe. Wote wawili walishirikiana na Kapteni Robert von Beringe, ofisa ambaye jina lake limebaki pia katika elimu ya wanyama, kwa kuwa sokwe wakubwa wa milimani wameitwa kwa jina lake. Adui hakuwa tena na haja ya kuitafuta njia, kwa kuwa alikuwa na wa kumwonyesha.

Tarehe 6 Juni 1903, mahali paitwapo Kiganda, katika nchi ya Muramvya, Mwezi Gisabo alikubali mapatano. Alitambua utawala wa Wajerumani, akatozwa ng'ombe 424, na akatakiwa kuwatambua Kilima na Maconco kuwa wakuu wasio chini yake. Mgeni aliyekuja kusaidia ugomvi wa nyumba akaondoka na nyumba. Nao walioshirikiana naye hawakufaidi muda mrefu: mwaka 1905 Maconco aliuawa na Wajerumani wale wale, ambao wakati huo walikuwa wameona ni nafuu kutawala kwa kumtumia Mwami.

Mlima ule ulishuhudia jambo la tatu. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yalivuka Rusizi, yakaichukua Usumbura, na tarehe 17 ya mwezi huo yakaingia Gitega. Wajerumani, waliokuwa wachache, walirudi nyuma. Ukuta ambao ulimzuia Rumaliza haukuwafaa, kwa sababu waliishi juu yake bila ya kuwa na mizizi ndani yake. Wengi wa waliokanyaga njia hizo, kwa pande zote mbili, walikuwa Waafrika, askari na wapagazi, waliobeba mizigo ya vita ambayo haikuwa yao.

Kusini mwa mji, mwendo wa kilomita zaidi ya 10 kando ya ziwa, liko jiwe la Mugere. Wengine hudhani kwamba hapo ndipo Stanley alipokutana na Livingstone kwa mara ya kwanza. Sivyo; walikutana Ujiji. Hapo Mugere walilala tarehe 25 Novemba 1871, walipokuwa wakielekea kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliona kwamba unaingia. Wenyeji walilijua jambo hilo tangu zamani. Mkimbiaji afikapo hapo na akumbuke kwamba maarifa ya nchi huwa kwanza kwa wale waishio ndani yake, na kwamba ramani huja baadaye.

Vita vya karibu zaidi navyo vimeacha makovu yanayoonekana. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993, milima iliyouzunguka mji ilikuwa maficho na mistari ya mbele. Mwezi Julai 2003 mapigano yaliingia katika mitaa ya kusini ya Bujumbura. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliagiza kwamba kabila moja lisizidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama. Kutokana na mapatano hayo, na yale yaliyofuata, watu waliokuwa wakiviziana kwenye miteremko ile ile walivishwa sare moja na kupangwa katika mstari mmoja wa mchakamchaka. Hilo ni badiliko kubwa kuliko nishani yoyote, nalo ni rahisi kuharibika.

Mbio zenyewe zaweza kuleta shaka. Raia wa Bujumbura wana desturi ya kukimbia kwa makundi mwishoni mwa juma, wakiimba na kupiga makofi. Mwezi Machi 2014, baada ya wafuasi wa chama kimoja cha upinzani kupambana na polisi, mbio za makundi zilipigwa marufuku jijini isipokuwa mahali palipotengwa. Tukio hilo lina fundisho kwa pande zote. Wimbo wa mazoezi ukigeuzwa wito wa fujo, mchezo umekwisha. Na askari akimwona kila mwimbaji kuwa adui, amani imeanza kumponyoka. Kazi ya polisi ni kupima kitendo, na kipimo hicho hutaka mtu mwenye subira na mwenye kuijua historia ya mji wake.

Hivyo basi, walimu wa mazoezi wanayo nafasi isiyogharimu hata faranga moja. Kombania ikifika Bugarama, isimame dakika tano na kuambiwa habari za Rumaliza. Ikienda Muramvya, isimuliwe ya Kiganda, pamoja na majina ya Kilima na Maconco. Kuruta aliyepanda mlima ule kwa miguu yake hatahitaji kuelezwa kwa nini mvamizi wa kwanza alishindwa. Itatosha aelezwe kwa nini wa pili alifaulu, kisha atazame kushoto na kulia kwake aone ni nani anayekimbia naye.