Mulago na Wazo Lililotangulia Vifaa Vyake

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya, juu na chini, kushoto na kulia. Uvimbe wa aina ile hulegeza meno, husukuma jicho nje, na huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mwaka uliofuata Burkitt aliueleza kwa maandishi, na saratani hiyo ikaja kuitwa kwa jina lake. Kisu hakikufua dafu, na mashine za tiba ya mionzi hazikuwapo Kampala. Zikabaki dawa, kama methotreksati na saiklofosfamidi. Uvimbe ulinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto waliendelea kuwa wazima kwa miaka baada ya dozi chache mno, hata moja tu. Dozi ndogo namna ile isingetarajiwa kuua kila seli ya saratani. Burkitt na wenzake wakahoji: je, dawa ilianza kazi, kinga ya mwili ikaimalizia?

Swali hilo ndilo linaloulizwa leo na watafiti wanaotumia chembechembe za nano, yaani vibebeo vidogo mno vya dawa, kuunganisha tiba kemikali na tiba ya kinga. Anayepinga atasema kwamba Mulago haikuwa ya kwanza, na ni kweli. William Coley alianza kuichochea kinga ya wagonjwa wa saratani kwa bakteria huko New York mwaka 1891. Lakini Mulago ilifanya jambo la thamani zaidi kuliko kutangulia: ililipima wazo lake. Mwaka 1967 ilianzishwa hapo taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, na humo wagonjwa waliopata nafuu kwa dawa wakapewa chanjo ya BCG ili kuamsha kinga. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1976, yalikuwa bayana: BCG haikubadili mwenendo wa ugonjwa.

Nionavyo mimi, jaribio hilo halikulizika wazo lenyewe; lilionyesha kwamba kuiamsha kinga kwa ujumla hakutoshi. Kuna pingamizi zito zaidi, kwamba dawa za saratani huua pia chembe nyeupe za damu, askari walewale tunaotaka wapigane. Utafiti wa miaka ya 2000 ulijibu sehemu ya hoja hiyo: seli za saratani zikiuawa na dawa kama doksorubisini, huweza kutoa ishara zinazoiita kinga. Kazi ikawa kuifikisha dawa kwenye uvimbe huku sehemu nyingine za mwili zikiepushwa na makali yake. Kifuko cha mafuta chenye upana wa takriban nanomita 100, kilichobeba doksorubisini, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kutibu saratani ya Kaposi, na kilipunguza madhara ya dawa hiyo kwa moyo. Watafiti sasa hutengeneza chembechembe zinazobeba dawa pamoja na kichocheo cha kinga, ili vyote viwili vifike kwa seli zilezile.

Hata hivyo, tusishangilie mapema. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, nyingi zikiwa za panya, yalikuta kwamba kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya chembechembe zilizodungwa hufika kwenye uvimbe. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kingamwili ya atezolizumab itumike pamoja na paklitakseli iliyofungwa katika chembechembe za albumini kwa aina moja ya saratani ya matiti. Mwaka 2021 kampuni inayotengeneza kingamwili hiyo yenyewe iliyaondoa matumizi hayo nchini humo, baada ya jaribio jingine, lililotumia paklitakseli ya kawaida, kutoonyesha faida. Na bei? Tiba hizi ni ghali, na hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado huhangaika kupata dawa za zamani. Hoja hiyo inadai haki katika ugawaji. Haifuti thamani ya utafiti. Watoto wa Mulago walichangia elimu iliyoujenga msingi wa tiba kemikali duniani. Kwa hiyo majaribio ya tiba hizi mpya yafanyike pia katika wadi za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, yapimwe kwa ukali uleule wa mwaka 1976, na zitakazofaulu ziuzwe kwa bei ambayo wadi hizo zinaimudu.