Mkate Kabla ya Ngano

Mtu akitaja mkate leo katika mji wowote wa Afrika Mashariki, msikilizaji aghalabu hufikiri mkate wa ngano uliookwa katika tanuri kubwa na kuuzwa dukani. Maana hii ni finyu, tena ni changa. Kamusi za Kiswahili za mwanzo wa karne ya 20 zilihesabu mkate wa mofa, mkate wa kumimina, mkate wa kusonga na mkate wa tembo. Hata sega la asali liliitwa mkate wa nyuki, na tumbako iliyoshindiliwa iliitwa mkate wa tumbako. Mkate, basi, ulikuwa umbo na kazi ya mikono kabla ya kuwa nafaka fulani. Anayetaka kujua historia ya jiko la pwani hana budi kuanza na majina haya, kwa kuwa wapishi wenyewe hawakuacha maandishi.

Sababu ya kwanza ya mambo haya ni ardhi. Ngano hupenda ubaridi. Joto na unyevu wa pwani huidhoofisha. Nafaka ya kale ya pwani ilikuwa mawele na mtama. Wachimbuaji wa mambo ya kale kisiwani Pemba walikuta mabaki mengi ya mawele mahali paitwapo Tumbe, palipokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Karibu na hapo, katika mji wa Chwaka uliofuata, mpunga ulizidi kushika nafasi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alilishwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Mahindi na muhogo vilikuwa havijafika. Vilitoka Amerika baada ya Wareno kuingia bahari hii mwaka 1498. Hivyo chakula ambacho wengi hukiita cha asili kina tabaka nyingi, na tabaka moja haina umri wa nyingine.

Sababu ya pili ni tabia ya nafaka. Unga wa ngano ukikandwa hufanya mnato unaovutika na kushika hewa; unga wa mchele na wa mtama hauna mnato huo. Donge la ngano laweza kusukumwa likawa jembamba kama karatasi. Donge la mtama likisukumwa hivyo hupasuka. Mpishi wa pwani alilijua jambo hili kwa vidole vyake. Mtama aliufanya vimkate vidogo vinene. Mchele aliuloweka, akausaga, akauchanganya na tui la nazi hata ukawa uji mzito, kisha akaumimina. Kwa hiyo jina la mkate wa kumimina si pambo. Ni maelezo mafupi ya kanuni ya mapishi: kisichokandika humiminwa.

Mkate wa mofa unaonyesha mwendo wa bahari. Mofa ni tanuri dogo la udongo ambalo ukuta wake wa ndani hubandikwa vimkate vya mtama. Jina hilo lina ndugu zake katika Kiarabu cha kusini mwa Arabuni, na katika pwani ya Somalia mkate wa namna hiyo huitwa muufo. Tanuri lilipita baharini pamoja na watu, lakini lilipofika Lamu na kwingineko lililishwa nafaka iliyokuwapo. Mgeni alileta chombo, mwenyeji akatoa unga, na mkate uliotokea ukawa mali ya wote wawili.

Nyumba nyingi hazikuwa na mofa wala tanuri lolote. Zilikuwa na mafya matatu, chungu na makaa. Mkate wa kumimina unahitaji moto wa chini ili ushikamane, na moto wa juu ili uive na kugeuka rangi. Wapishi waliyatatua haya kwa kupalia: walifunika chombo na kuweka makaa juu ya kifuniko. Wengine walikipindua chombo chenyewe, uso wa mkate ukaelekea motoni, wakitumaini kuwa sehemu ya chini imekwisha kushika. Aliyepindua mapema aliumwaga mkate wake majivuni. Hapakuwa na saa wala kipimo cha joto. Palikuwa na pua, sikio na uzoefu.

Kuhusu kuumua, mkate wa tembo unatoa ushahidi wake kwa jina. Tembo la mnazi lililogemwa alfajiri huanza kuchacha kabla jua halijapanda. Chachu yake hula sukari na kutoa hewa, na hewa hiyo hutoboa mkate matundu. Katika pwani ya Malabar na kisiwa cha Sri Lanka nako mchele, nazi na tembo vimefanya mikate ya namna hiyo. Kadiri hamira ya dukani ilivyoenea, tembo lilizidi kuachwa, na wenye kuchelea kileo katika chakula wakapata faraja.

Lakini historia hii isisimuliwe kana kwamba nafaka zilijipika. Mpunga hutwangwa, hupepetwa na husagwa. Nazi hukunwa na kukamuliwa. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na katika nyumba za wenye mali sehemu kubwa yake ilibebwa na watumwa, hata utumwa ulipofutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mkate uliosifiwa sebuleni ulianza kwa mgongo uliopinda juu ya kinu. Majina ya masultani na ya wafanya biashara yameandikwa. Ya waliovumbua kiasi cha tui hayakuandikwa.

Kisha ngano iliingia kwa nguvu. Reli ilijengwa kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901 kwa mikono ya maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi. Mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya Unga, na ngano ya nyanda za juu za Kenya ikapata kinu cha kuisaga. Chapati, ambayo jina lake ni la Kihindi, imekuwa chakula cha sikukuu hata katika vijiji vilivyo mbali na bahari. Mahamri nayo hukandwa kwa unga wa ngano, lakini hutiwa tui na iliki: nafaka ni mpya, mkono ni ule ule.

Hapana haja ya kuilaumu ngano. Jifya moja haliinjiki chungu, na jiko la pwani halikupata kusimama juu ya jifya moja. Hasara iko mahali pengine. Mabaki ya mawele yaliyoungua yamengoja ardhini miaka 1,000 hata yakachimbuliwa. Maarifa ya kujua wakati wa kupindua chombo hayangoji. Hukaa katika mkono wa bibi mmoja, naye akiulizwa kiasi hujibu, “Tia mpaka utosheke.” Jibu hilo lina maana kwa yule tu aliyesimama kando yake akitazama.