Nyumba ya Mawe ya Lamu katika Mchoro na katika Utenzi

Nyumba za mawe za Lamu na Pate zimetufikia sisi wasomi kwa kalamu mbili, ya msanifu majengo na ya mtunzi wa tenzi. Desturi ya vyuo vikuu imekuwa kuipa kila kalamu idara yake, na kwa maoni yetu utengano huo umetupotezea mengi.

Mwaka 1966 Peter Garlake alichapisha uchunguzi wake wa majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani, wenye michoro mingi iliyopimwa. Usam Ghaidan akafuata mwaka 1975 na kitabu juu ya mji wa Lamu. Faida ya michoro ya namna hii haina shaka. Kwa kuitazama twafahamu mara moja kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauna budi kufuata uwezo wa boriti, yaani kiasi cha mita 3 hivi. Twaona pia mfuatano wa daka, kiwanda, misana na ndani.

Hata hivyo, mchoro wa sakafu hulaza kila kitu. Aingiaye nyumba hizo hupanda kidogo kila avukapo kutoka msana hadi ndani. Mchoro wa mkato waweza kuonyesha kupanda huko. Lakini kwamba mtu anaacha mahali pa wageni na kuikaribia stara ya wenyeji, hilo halipimwi kwa rula.

Tutazame zidaka. Katika mchoro ni safu za miraba mitupu ukutani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akiyalilia majumba ya Pate katika Al-Inkishafi, ameyatia madaka hayo wakati: yalikuwa mahali pa vyombo vya thamani, yakawa malazi ya makinda ya ndege. Tena amezitaja kwa majina nyumba kati na kumbi za msana, akazijaza sauti za wadudu. Majina hayo ndiyo yale yale ambayo wasanifu wa karne ya 20 waliyaandika katika michoro yao. Utenzi huu ni mawaidha, naam. Lakini asiyezijua nyumba hizo kwa ndani asingalichagua kidaka kuwa shahidi wa anguko la wenye mali. Huo ni uhakiki wa majengo, ingawa hatujazoea kuuita hivyo.

Wachache wamevuka mpaka huu. James de Vere Allen alitoa toleo la Al-Inkishafi mwaka 1977, na mwaka 1979 akaandika juu ya nyumba ya Waswahili na itikadi zilizoongoza mpango wake. Kwake utenzi na ukuta vilisomwa pamoja.

Kwa wanaisimu kazi ni pana. Neno daka peke yake latosha kuanzia: Lamu ni kibaraza chenye paa mbele ya mlango, na katika utenzi ni shubaka la ukutani. Mchoro hutuonyesha kwamba yote mawili ni uwazi uliochongwa katika unene wa jengo. Kamusi zetu hazikuyapata maelezo hayo, kwa kuwa watungaji wake hawakuwa na mchoro mkononi.