Nani Aione Picha Kwanza?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini kwa zaidi ya miaka mia moja upigaji picha ulikuwa na pazia lake, tena zito na jeusi, nalo lilining'inia kwenye mlango wa chumba cha giza. Wengi wetu tunaukumbuka utaratibu ule, na wadogo wameusikia kwa wakubwa wao. Unaingia studio umevaa nguo ya sikukuu. Unaoneshwa kiti, unaambiwa inua kidevu, usipepese, tulia hivyo hivyo. Taa inamulika, pa! Unalipa, unapewa risiti, unaambiwa njoo Alhamisi. Alhamisi ukija, kama ulifumba macho basi umefumba macho, bwana, na hela imekwenda.

Kati ya siku hiyo na Alhamisi kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekwisha kuuona uso wako: mpiga picha. Yeye ndiye aliyesafisha filamu, akaishika negativu kwenye mwanga, akachagua, akatupa. Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, au Omar Said Bakor wa Lamu aliyejulikana kwa kukata na kuunganisha picha, walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Heshima yao ilitoka humo gizani. Mteja alikuja kuoneshwa kilichokwisha kuamuliwa.

Makala haya yanahusu waya uliolivuta pazia hilo, yaani waya unaotoka kwenye kamera kwenda kwenye kompyuta, ili picha ikipigwa tu itokee kwenye kioo kikubwa mbele ya watu. Mafundi wanausifu kwa kasi yake. Mimi nadhani kasi ni jambo dogo. Kubwa ni swali ambalo waya huo uliliamsha, na ambalo hadi leo halijajibiwa sawasawa: nani aione picha kwanza, na akishaiona, ana haki ya kusema "hapana, rudia"?

Kiu ya kuona papo hapo

Kiu hii haikuanza na kompyuta. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupaka dawa kwenye kipande cha kioo na kukipigia picha kikiwa bado kibichi. Kikikauka, kazi imeharibika. Kwa hiyo mpiga picha alilazimika kutembea na chumba chake cha giza. Roger Fenton alipokwenda kupiga picha za vita vya Crimea mwaka 1855, alikwenda na gari la farasi ambalo zamani lilikuwa la mwuza mvinyo, akaligeuza chumba cha giza. Tabu tupu! Lakini angalau alijua pale pale kama picha imetoka au haikutoka.

Baadaye zikaja njia rahisi zaidi, na kumbe urahisi huo ndio uliorefusha kungoja. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani aliuza kamera ya Kodak yenye filamu ya picha 100. Ukizimaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani, wao wanasafisha picha, wanaweka filamu mpya, wanakurudishia. Hapo hata aliyepiga hakuwa wa kwanza kuona. Aliyetangulia alikuwa mfanyakazi wa kiwanda asiyemfahamu.

Mwaka 1943 mtoto wa Edwin Land, msichana wa miaka mitatu, alimwuliza baba yake swali ambalo watu wazima walikwisha kuacha kuliuliza: kwa nini siwezi kuiona picha sasa hivi? Baba alikuwa mvumbuzi. Februari 1947 akaonesha hadharani picha inayojisafisha yenyewe kwa muda wa dakika moja, na Novemba 1948 kamera ya Polaroid ikaanza kuuzwa mjini Boston. Wapiga picha wa matangazo wakaigeuza chombo cha kupimia: kwanza unapiga Polaroid, unatazama taa zimekaaje, kivuli kimeangukia wapi, ndipo unapiga kwa filamu ya kweli. Karatasi ile ndogo ilipita mkono hadi mkono, kila mtu akatoa maoni yake. Tabia ya watu kukusanyika na kuijadili picha kabla haijapigwa rasmi ilizaliwa hapo. Waya ulipokuja uliikuta tayari.

Kamera yaingia kwenye kompyuta

Kompyuta nayo ilikuwa ikijifunza kuona. Mwaka 1957, Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliiingiza kwenye kompyuta picha ya mwanawe mchanga wa miezi mitatu. Ilikuwa na nukta 176 kwa 176, upana wa sentimita tano hivi. Sura ya mtoto inatambulika, lakini kama unayemwona kupitia chandarua.

Miaka minane baadaye chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na sayari ya Mars. Kilipiga picha 21 na kipande cha nyingine, na kila moja ilichukua saa nane au zaidi kufika duniani, tarakimu baada ya tarakimu. Huko California wahandisi walishindwa kungoja kompyuta iitengeneze picha ya kwanza. Walizichapa tarakimu kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika ukutani, wakachukua chaki za rangi na kupaka: tarakimu hii rangi hii, tarakimu ile rangi ile. Watu waliorusha chombo hadi Mars walikaa kupaka rangi kama watoto wa chekechea! Sababu ni ile ile ya binti wa Land. Walitaka kuona sasa hivi.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni kipande cha silikoni ambacho baadaye kilitumika kugeuza mwanga kuwa umeme unaohesabika, na mwaka 2009 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kipande cha aina hiyo ndicho alichokitumia Steven Sasson, kijana wa kampuni ya Kodak, kuunda kamera yake ya mwaka 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, ikapiga picha ya nukta 10,000 bila rangi, ikachukua sekunde 23 kuiandika kwenye kaseti kama zile za muziki. Kuiona picha ilibidi kaseti itiwe kwenye mtambo mwingine uliounganishwa na televisheni.

Hapa nakuomba msomaji utulie kidogo. Picha ya kwanza ya kamera ile ilikuwa ya mfanyakazi mwenzao wa maabara, mwanamke. Ilipotokea kwenye televisheni, nywele zilionekana lakini uso ulikuwa umevurugika. Mwenyewe akaitazama, akasema bado ina kazi, akaenda zake. Mafundi wakarudi kwenye nyaya zao. Kwa maneno mengine, mtu wa kwanza kupigwa picha na kamera ya namna hii alikuwa pia miongoni mwa wa kwanza kuiona na kuikosoa, pale pale. Wangapi kati yetu wamepata nafasi hiyo?

Miaka ya waya

Mwaka 1991 ndipo waya ulipoingia kazini hasa. Mwaka huo Kodak ilitoa DCS, kamera ya Nikon F3 iliyofungwa kwa waya na kasha la begani lenye diski ya megabaiti 200. Kasha lilibeba picha 156 na lilikuwa na kioo kidogo cha kutazamia. Bei yake ilikuwa kama dola 20,000 na zaidi, yaani si mchezo. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watafiti wa kompyuta walichoka kupanda na kushuka ngazi na kukuta birika la kahawa tupu. Wakaelekeza kamera kwenye birika, wakaifunga kwa waya kwenye kompyuta, na kila mmoja akawa anaona hali ya kahawa akiwa mezani kwake. Mwaka 1993 picha hiyo ikawekwa kwenye intaneti, na watu wa dunia nzima wakalitazama birika hilo hadi lilipozimwa Agosti 2001.

Kwenye studio kubwa, kampuni ya Leaf ilileta mwanzoni mwa miaka ya 1990 kifaa cha kupachika mgongoni mwa kamera, chenye nukta milioni nne, ambacho hakikuweza kufanya kazi bila kompyuta. Kilipiga mara tatu kwa picha moja ya rangi: mara kupitia kichujio chekundu, mara kijani, mara buluu. Ole wako kitu kikitikisika! Kwa hiyo picha za kwanza za rangi za kifaa hiki zilikuwa za vitu vinavyotulia: chupa za manukato, viatu, sahani za chakula, bidhaa za katalogi. Mwaka 1993 ikaanzishwa Phase One nchini Denmark, nayo baadaye ikatoa programu ya Capture One, ambayo studio nyingi zinaitumia hadi leo. Nyaya nazo zikabadilika, zile nene za zamani zikapisha FireWire, kisha USB.

Mwaka 1995 Casio iliuza kamera ndogo yenye kioo mgongoni. Ungedhani waya umekwisha kazi. Wapi! Kioo cha ukubwa wa kiberiti hakikuambii kama ukope umetoka safi au una ukungu. Kwenye kompyuta unalivuta jicho hadi lijaze kioo, unaona kosa wakati mtu bado amekaa kwenye kiti na taa bado zinawaka. Siku hizi kuna njia za kupeleka picha bila waya, lakini studio nyingi bado zinauamini waya.

Waliofaidika kwanza ni wenye hela zao. Mwenye bidhaa, mwakilishi wa kampuni ya matangazo, mpambaji wa nywele, wote walisogeza viti mbele ya kioo. Mpiga picha akapoteza ile faragha ya gizani, akawa kama mpishi anayepika huku wageni wakichungulia sufuria. Wengine walilalamika, na siwalaumu. Lakini kazi ilikuwa ya pamoja sasa, na neno "rudia" lilipata wasemaji wengi.

Kioo kimegeuziwa nani?

Waya huo umefika na kwetu, kwa njia mbili ambazo napenda tuzilinganishe.

Njia ya kwanza ni ya hati za kale. Tangu mwaka 2004 Maktaba ya Uingereza imekuwa na mpango wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini duniani, na miongoni mwa zilizopigwa picha ni hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu. Katika kazi za namna hii kamera iliyofungwa kwenye kompyuta inafaa sana: ukurasa mmoja baada ya mwingine unatokea kwenye kioo, namba yake inaandikwa, na ukurasa ulioruka unagundulika kabla kitabu hakijafungwa. Utaratibu wa mpango huo ni kwamba hati zenyewe haziondoki nchini, na nakala za picha zinabaki pia kwa wenyeji. Hapo mwenye mali anaona.

Njia ya pili ni ya uandikishaji wa wapiga kura. Kenya iliandikisha kwa mitambo ya alama za vidole na picha kuanzia Novemba 19 hadi Desemba 18, 2012, na watu zaidi ya milioni 14 wakaandikishwa. Tanzania ilianza Februari 2015 mkoani Njombe na kupata zaidi ya milioni 22. Kila kituo kilikuwa na kompyuta ya mkononi, kifaa cha kusomea vidole na kamera. Hebu fikiri: mamilioni ya nyuso, tangu wakulima hadi maprofesa, kila mmoja amepigwa picha na kamera iliyofungwa kwenye kompyuta. Na kioo kilimtazama nani? Kilimtazama karani. Mwananchi alikaa upande wa pili, akaambiwa tazama hapa, basi, mwingine. Tanzania kadi ilitoka hapo hapo, na wengi ndipo walipoiona sura yao kwa mara ya kwanza, ikiwa imekwisha kuwa kitambulisho.

Utasema, karani ana foleni ndefu, na kadi si picha ya harusi. Ni kweli, na simsemi karani. Lakini sisi ni wajukuu wa watu waliovishwa kipande shingoni, huko Kenya ya mkoloni, kikiwa na alama za vidole vyao na maneno waliyoandikiwa na wengine. Mwenyewe hakuulizwa kama anayakubali. Chombo chochote kinachomwandika mtu bila kumwonesha alichoandikiwa kina undugu na kile kipande, hata kiwe cha kisasa namna gani. Na kadi hii mtu anatembea nayo miaka. Jina likikosewa au picha ikiwa na kivuli, atakayesumbuka mlangoni ni mwenye uso, wala si mwenye kompyuta.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka nje. Kioo cha kompyuta kinageuka. Sekunde tano zinatosha mtu kujiona, kusoma jina lake na kusema sawa au rudia. Wenye chupa za manukato walipewa haki hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na chupa haina hata uso. Sisi wenye nyuso tuidai. Siku nyingine ukikalishwa mbele ya kamera yenye waya, ofisini au studio, mwombe kwa adabu anayekupiga: ndugu, hebu geuza kioo nami nijione.