Fortingall: Kijiji cha Tajiri wa Meli

Mgeni anayefika Fortingall, kijiji kidogo cha Perthshire katika nyanda za juu za Uskoti, hupelekwa kwanza kwenye mti. Ni mti wa yew uliomo uani mwa kanisa, na wataalamu hawajaafikiana kuhusu umri wake: wapo wanaosema miaka 2,000, wapo wanaosema 3,000, na wengine huzidisha. Mwaka 1769 msafiri Thomas Pennant aliupima shina akapata mzingo wa zaidi ya futi 56. Watu waliumegamega kwa ajili ya kumbukumbu hata ikabidi ujengewe ukuta. Kisha mgeni husimuliwa kwamba Pontio Pilato alizaliwa hapo, hadithi isiyo na kichwa wala miguu: majeshi ya Roma yalifika Uskoti zaidi ya miaka 40 baada ya Pilato kuondoka madarakani Yudea.

Mimi ningemwomba mgeni huyo aupe mti kisogo, atazame nyumba.

Uskoti huyalinda majengo yake ya kihistoria kwa kuyaingiza katika orodha ya taifa, utaratibu ulioanza na sheria ya mipango ya 1947. Yako madaraja matatu, A, B na C, na majengo yote yanakaribia 47,000. Mwenye jengo lililoorodheshwa hawezi kulibomoa, wala kulifanyia badiliko linaloathiri sura yake, ndani au nje, bila kibali cha halmashauri. Orodha yenyewe bado inataja kila jengo na parokia yake, ingawa mabaraza ya parokia yalifutwa mwaka 1930. Kiutawala parokia ilikwisha kufa; kwenye majalada ingali hai.

Parokia ya kale ya Fortingall ilikuwa kubwa mno, ikijumuisha bonde refu la Glen Lyon na sehemu ya Rannoch. Huko walitawala mabwana wenye ngome. Ile ya Garth inahusishwa na Alexander Stewart, mwana wa mfalme, aliyelichoma kanisa kuu la Elgin mwaka 1390. Ya Meggernie ilijengwa na akina Campbell mwishoni mwa karne ya 16. Mzao wao Robert Campbell aliipoteza kwa ulevi, kamari na madeni. Uzeeni akaingia jeshini, na Februari 1692 akawaongoza askari waliowaua wenyeji wao huko Glencoe, baada ya kula na kulala nyumbani kwao karibu wiki mbili. Ukuta wa ngome hausemi hayo, lakini ndiyo yanayoupa uzito.

Kijiji kinachoonekana leo ni cha juzi tu, ukikilinganisha na hayo. Mwaka 1885 mashamba ya Glen Lyon yalinunuliwa na Donald Currie, mwanzilishi wa kampuni ya meli ya Castle Line. Kampuni hiyo ilikuja kuungana na mshindani wake na kuitwa Union-Castle, na wazee wa Mombasa na Dar es Salaam huenda wakazikumbuka meli zake za miaka ya 1950, zenye ubavu wa zambarau hafifu na bomba jekundu. Faida ya safari za Afrika Kusini ndiyo iliyokijenga upya kijiji cha wakulima waliosema Kigaeli.

Currie alimwita msanifu James MacLaren, kijana aliyekuwa akiugua kifua kikuu. MacLaren alichora nyumba zenye paa nene za matete, zilizoezekwa kwa uangalifu ambao fundi wa makuti angeuheshimu, akizichanganya na kuta nzito za Kiskoti. Alifariki mwaka 1890, hajatimiza miaka 40. Wenzake wakaendelea na kazi, kisha wakalijenga upya na kanisa. Wanahistoria wa usanifu wanaiona kazi hii kuwa miongoni mwa zilizomwathiri msanifu Charles Rennie Mackintosh wa Glasgow. Ni nzuri kweli. Lakini ni nzuri kwa macho ya tajiri: hivi ndivyo alivyotaka kijiji kiwe.

Nyumba za watu wenyewe, zilizojengwa kwa mawe na udongo wenye nyasi, hazikungoja sheria ya 1947. Bonde lilipopungukiwa na watu katika karne ya 19, paa zilianguka, na zilizobaki ni misingi inayomezwa na majani. Anayeisoma orodha bila kulijua hilo atadhani parokia iliishi na mabwana, wachungaji wa kanisa na wageni wa hoteli peke yao. Hata James MacGregor, kasisi wa hapo aliyekusanya mashairi ya Kigaeli mwanzoni mwa karne ya 16, anakumbukwa kwa kitabu chake kilichohifadhiwa Edinburgh, si kwa nyumba.

Na kibali cha halmashauri hakizuii kila kitu. Kanisa lilitunza kengele ya mkono ya chuma, ya Wakristo wa kwanza wa eneo hilo, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 2017 iliibiwa.